Sindano ya ganzi na maumivu baada ya kupasuliwa mgongo



Mwezi huu tunapenda kuzungumzia kitu ambacho watu wengi wa parokia zetu wanakiogopa kuliko hata kisu cha daktari, yaani ile sindano inayochomwa mgongoni. Mgonjwa akiambiwa kwamba anahitaji upasuaji, huuliza maswali mawili matatu kisha anakubali. Akiambiwa kwamba atachomwa ganzi ya mgongo, anaomba aende kwanza nyumbani kushauriana na ukoo. Wengine hawarudi tena, na ugonjwa unawamalizia nyumbani.

Hofu hiyo huzidi pale mgongo wenyewe ndio unaopasuliwa. "Mgongo umekwisha kupasuliwa, sasa mnataka kuutoboa tena?" Hilo ndilo swali tunaloulizwa na ndugu wa wagonjwa. Ni swali la haki kabisa, na linastahili jibu kamili.

Mgongo wa chini na upasuaji wake

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Pingili 5 za kiunoni ndizo zinazobeba uzito mkubwa. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kama mto mdogo, waganga wanakiita diski. Diski ikichomoza nje hubana mshipa wa fahamu, na mtu husikia maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni, kupitia takoni, mpaka mguuni. Kwa wazee mara nyingi mfereji wa ndani ya uti huwa mwembamba, hata mzee hawezi kutembea mwendo mrefu bila kuinama au kukaa chini. Wapo pia walioanguka kutoka mtini au kugongwa na pikipiki, na wachache ambao kifua kikuu kimeshambulia pingili zao.

Tuseme wazi kwamba wengi wenye maumivu ya kiuno hawahitaji kisu. Hata diski iliyochomoza, kwa watu wengi maumivu yake hupungua yenyewe baada ya majuma kadhaa kwa dawa na mazoezi. Upasuaji ni kwa wale ambao mguu unapoteza nguvu, au mkojo unasumbua, au maumivu yamekataa matibabu mengine. Hao ndio wanaopewa rufaa kwenda hospitali kubwa kama MOI pale Muhimbili, Bugando kule Mwanza, au KCMC Moshi.

Katika upasuaji wa namna hii daktari hukata ngozi katikati ya mgongo, huitenga misuli minene kutoka kwenye mfupa, kisha huondoa kipande cha mfupa au cha diski kinachobana mshipa. Mara nyingi mgonjwa akiamka anasema, "Yale maumivu ya mguuni yameondoka, lakini mgongo unawaka moto!" Moto huo unatoka kwenye ngozi, misuli na mfupa ulioguswa. Kwa kawaida huwa mkali zaidi siku 2 au 3 za kwanza, halafu hupungua.

Je, si avumilie tu?

Tumelelewa kuvumilia. Mwanamume halii, na mwanamke aliyezaa watoto sita hataki kuonekana ameshindwa na kidonda cha mgongo. Lakini sisi tunaokaa na wagonjwa usiku tunajua kwamba mgonjwa aliye kimya kabisa, amekaza meno na hataki kuguswa, ndiye anayetupa wasiwasi kuliko yule anayelalamika.

Mtu mwenye maumivu makali hapumui vizuri. Anavuta pumzi fupifupi na anaogopa kukohoa, hivyo makohozi yanakaa kifuani na nimonia inaingia. Hataki kugeuka, na ngozi ya matakoni inaanza kuharibika. Hataki kusimama, na damu inaweza kuganda katika mishipa ya miguu. Donge la damu hiyo likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua ghafla. Halali usingizi, hali chakula, shinikizo la damu linapanda. Kuna jambo jingine tena: maumivu makali yasiyotibiwa siku za kwanza yanaweza kuchangia maumivu sugu yanayobaki hata baada ya kidonda kufunga.

Kwa hiyo mwuguzi akipita na kuuliza, "Maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi?" asidhaniwe kwamba anafanya mchezo wa shule. Sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni maumivu yasiyovumilika. Bibi asiyependa hesabu anaweza kutuonyesha kwa vidole. Nasi hatuulizi tu akiwa amelala kimya kama gogo. Tunauliza akikohoa, akigeuka, akijaribu kukaa, kwa sababu dawa inayomtuliza asiyejongea bado haijafanya kazi yake.

Baadhi ya waamini wanatujibu kwamba mateso ni sehemu ya msalaba, na kwamba Bwana wetu mwenyewe pale Golgota alikataa divai iliyotiwa manemane. Wanasema kwa imani, nasi tunawaheshimu. Lakini swali hilo lilikwisha kupelekwa Roma na madaktari wa dawa za usingizi wa Italia, na Papa Pio XII aliwajibu katika hotuba yake ya tarehe 24 Februari 1957. Alieleza kwamba Mkristo kwa ujumla halazimiki kuyapokea maumivu ya mwili kwa kukataa dawa, na kwamba daktari na mgonjwa wanaweza kutumia dawa za kutuliza kwa dhamiri safi. Anayetaka kwa hiari yake kuvumilia kiasi fulani kwa upendo wa Kristo hakatazwi. Ila hilo ni lake mwenyewe, si la mume kumwamulia mkewe wala la mwuguzi mvivu kumwamulia mgonjwa.

Nusukaputi na ganzi

Watu wanachanganya vitu viwili. Nusukaputi ni dawa ya usingizi: inafanya kazi kwenye ubongo, mtu analala, hajui lolote. Ganzi haifanyi hivyo. Maumivu ni habari inayosafiri kwenye mshipa wa fahamu kutoka kwenye kidonda hadi kwenye ubongo. Dawa ya ganzi inaizuia habari hiyo njiani. Ni kama mkulima anavyofunga mfereji wa maji kwa udongo: maji yapo kule juu, lakini shambani hayafiki. Udongo ukimomonyoka, maji yanarudi. Vivyo hivyo dawa ikiisha nguvu mshipa unafunguka na kufanya kazi kama zamani. Haubaki umefungwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1884 daktari Carl Koller wa Vienna alionyesha kwamba kokeini ikidondoshwa jichoni, jicho linaweza kupasuliwa bila maumivu. Mwaka 1898 daktari Mjerumani August Bier alichoma dawa hiyo kwenye maji ya uti wa mgongo huko Kiel, na hata yeye na msaidizi wake walijaribiana wenyewe kwa wenyewe. Baadaye kokeini iliachwa kwa sababu ya madhara yake, zikaja dawa salama zaidi: lignokaini iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943, kisha bupivakaini mwaka 1957, ambayo nguvu yake hudumu muda mrefu zaidi. Hizo mbili mtazikuta hata katika hospitali zetu za misheni.

Baada ya kupasuliwa mgongo, ganzi hutolewa wapi?

Njia nyepesi kuliko zote, na isiyohitaji mashine yoyote, ni daktari mpasuaji mwenyewe kuchoma dawa ya ganzi ndani ya misuli na chini ya ngozi kabla ya kushona. Mgonjwa akiwa bado usingizini hajui hata kwamba amechomwa. Akiamka, kwa saa chache za kwanza kidonda kinakuwa kimepoa. Ni njia ya bei ndogo na tunaipenda. Ndugu wa mgonjwa wanaweza kabisa kumwuliza daktari siku moja kabla: "Je, mtamwekea ganzi kwenye kidonda?" Kuuliza si utovu wa adabu.

Njia ya pili imeanza kuenea miaka ya karibuni. Iliandikwa na madaktari wa Kanada mwaka 2016, kwanza kwa maumivu ya kifuani, kisha ikaonekana kwamba yafaa hata kwa mgongo wa chini. Kandokando ya uti, kulia na kushoto, kuna misuli mirefu inayotusimamisha wima, ile tunayoikanda jioni tukitoka shambani. Mtaalamu wa dawa za usingizi, akitazama kwa mashine ya ultrasaundi, huingiza sindano mpaka chini ya misuli hiyo, juu ya mfupa, na kumwaga dawa pale. Dawa husambaa juu na chini kati ya misuli na mfupa, na kuizuia ile mishipa midogo inayoleta habari za maumivu kutoka mgongoni. Hufanywa pande zote mbili. Mara nyingi nafuu hudumu saa 8 hadi 12, kwa wengine zaidi.

Angalieni jambo hili, ndugu wasomaji, kwa maana ndilo jibu la lile swali la mwanzo. Sindano hiyo haiingii ndani ya mfereji wa uti kabisa. Inakaa nje, kwenye misuli. Na kwa sababu inakaa nje, kwa kawaida miguu haifi ganzi. Kwa mgonjwa aliyepasuliwa mgongo, hilo ni jambo kubwa mno. Akiamka tu, daktari anakuja na kumwambia, "Chezesha vidole vya miguu. Sukuma mkono wangu kwa unyayo." Anataka kujua kama mishipa ya fahamu iko salama. Kama miguu yote miwili imekufa ganzi kwa dawa, daktari atajuaje kwamba ni dawa, na si damu iliyovujia ndani na kubana mishipa? Ndiyo maana wapasuaji wengi wa mgongo wanapendelea ganzi isiyogusa nguvu za miguu.

Ipo pia ganzi ya maji ya uti, ile ambayo akina mama wengi wanaijua kwa upasuaji wa uzazi. Baadhi ya upasuaji mfupi wa diski unaweza kufanyika kwa hiyo peke yake, mgonjwa akiwa macho na amelala kifudifudi. Miguu hurudi kwa kawaida baada ya muda wa saa 2 hadi 4. Wakati mwingine huongezwa mofini kidogo sana katika maji hayo, ambayo hutuliza maumivu hata kwa siku nzima. Lakini mofini hiyo inaweza kuchelewa kuonyesha ubaya wake, yaani kupunguza kupumua saa nyingi baadaye. Kwa hiyo mtatuona tukija usiku wa manane kuhesabu pumzi za mgonjwa na kumwamsha. Msikasirike. Tunataka kujua kama anaamka na kama pumzi zake hazijashuka chini ya 10 kwa dakika. Ipo dawa ya kuiondolea mofini nguvu, iitwayo nalokisoni, lakini mtu lazima awepo wa kuiona hatari mapema. Mofini ya namna hii huwasha pia ngozi, hasa puani na usoni. Mwasho huo si mzio wa hatari, bali semeni mpewe dawa.

Mwisho kuna mpira mwembamba sana unaoachwa mgongoni, nje kidogo ya ngozi inayofunika uti, na dawa hupitishwa humo kwa siku kadhaa. Kwa upasuaji mkubwa wa mgongo mpasuaji anaweza kuuweka mwenyewe. Unasaidia sana, lakini unahitaji uangalizi wa karibu mchana na usiku, na mahali ambapo mwuguzi mmoja ana wagonjwa arobaini, kwa maoni yetu ni afadhali usitumike.

Hakuna ganzi hata moja kati ya hizi inayomaliza kazi peke yake. Mgonjwa huendelea kupewa parasetamoli kwa saa zake, pengine ibuprofeni au diklofenaki kama figo na tumbo viko vizuri, na mofini kidogo pale maumivu yanapopenya. Faida ya ganzi ni kwamba mofini inayohitajika inapungua, na pamoja nayo kichefuchefu, usingizi mzito na choo kigumu.

Yale yanayosemwa mitaani

"Sindano itaugusa uti na utapooza." Uti wenyewe wa fahamu, kwa mtu mzima, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano ya maji ya uti huchomwa chini ya hapo, mahali ambapo kuna nyuzi za mishipa zinazoelea katika maji, zikifanana na mkia wa farasi, na sindano ikizikaribia kwa kawaida husogea pembeni. Kupooza kwaweza kutokea, hatutaficha, kwa mfano damu ikivujia ndani au vijidudu vikiingia. Lakini ni jambo la nadra sana, na ndiyo sababu tunasafisha mgongo kwa dawa na kuuliza maswali mengi kabla.

"Tangu nilipochomwa ile sindano wakati wa kujifungua, mgongo haujapona." Hili tunalisikia karibu kila kliniki. Pale sindano ilipopita panaweza kuuma kama jeraha dogo kwa siku chache. Lakini uchunguzi uliofuatilia akina mama kwa miezi na miaka haukuona kwamba waliochomwa wana maumivu ya kudumu ya mgongo zaidi ya wale wasiochomwa. Mimba yenyewe hulegeza maungio na kuvuta kiuno mbele. Halafu mama anarudi nyumbani, anainama kufua, anabeba mtoto mgongoni na ndoo ya maji kichwani kabla mwezi haujaisha. Sindano inalaumiwa kwa sababu yeye aliikumbuka, wakati ndoo haikumbuki mtu. Hata hivyo, mama mwenye maumivu ya mgongo asifukuzwe kwa maneno haya. Apimwe, kwa sababu maumivu yake ni ya kweli hata kama chanzo sicho alichofikiri.

"Kichwa kitauma maisha yote." Hapa pana ukweli. Baada ya ganzi ya maji ya uti, tundu dogo linaweza kuendelea kuvujisha maji, na kichwa kikauma siku moja au mbili baadaye. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kinauma sana mtu akikaa au kusimama, kinapoa akilala. Sindano nyembamba zenye ncha ya penseli zimepunguza sana tatizo hili. Kwa wengi hupona ndani ya juma moja au mawili kwa dawa za maumivu na kunywa vya kutosha. Likizidi, mtaalamu anaweza kuchukua damu ya mgonjwa mwenyewe kidogo na kuichoma mahali palipotobolewa ili kuziba tundu. Ile desturi ya kumlaza mtu chali bila mto kwa saa 24 ili kuzuia kichwa kuuma, ambayo wengi wetu tulifundishwa chuoni, imeonekana haizuii.

Kabla ya siku yenyewe

Mtaalamu wa dawa za usingizi atakuja kuuliza. Mwambieni kweli. Dawa za kuzuia damu isigande, kama wafarini, ni lazima zijulikane, kwa sababu sindano karibu na uti ikikuta damu nyepesi inaweza kuleta uvujaji wa hatari. Dawa za mitishamba nazo zitajwe hata kama mzee aliyezitoa alisema ni siri, sisi hatutacheka. Semeni pia kama kuna jipu au kidonda mgongoni, kama mtu aliwahi kudhurika na dawa ya ganzi hata kwa daktari wa meno, na kama ana kifafa au ugonjwa wa moyo.

Tumbo liwe tupu hata kama mgonjwa ataambiwa ni ganzi tu, kwa sababu ganzi ikishindwa italazimu kumpa usingizi. Chakula kisimame kwa muda wa saa 6 angalau kabla ya upasuaji, na cha mafuta zaidi ya hapo. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa mpaka saa 2 kabla, ila mfuate mtakavyoambiwa. Shangazi anayepenyeza kikombe cha uji alfajiri kwa huruma, anamweka mgonjwa katika hatari ya kutapika na chakula kikaingia mapafuni.

Tungependa pia padre aitwe mapema. Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya kufa. Unaweza kutolewa kabla ya upasuaji ikiwa unafanywa kwa sababu ya ugonjwa mkubwa. Mgonjwa aliyeungama na kupakwa mafuta, kwa tulivyoona miaka mingi, hulala vizuri zaidi usiku ule.

Wakati dawa inachomwa, kama mgonjwa yu macho na akasikia midomo inawasha, ulimi una ladha ya chuma, au masikio yanavuma, aseme papo hapo. Hizo ni dalili kwamba dawa nyingi imeingia kwenye damu, na zinaweza kutangulia degedege au moyo kusimama. Ikijulikana mapema inatibika. Wengine hunyamaza wakidhani ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Usiku wa kwanza

Ganzi ina tabia moja ya kuchezea watu: huondoka usiku. Tuseme upasuaji umekwisha saa 8 mchana. Jioni mgonjwa anatabasamu, anakunywa chai, anakataa vidonge akisema haumwi. Kati ya saa 4 na saa 8 usiku mfereji unafunguka, na maumivu yanakuja kwa kishindo wakati wodi imelala. Kwa hiyo vidonge vimezwe kwa saa zake kabla ganzi haijaisha, hata kama hakuna maumivu. Mtu hangoji mvua inyeshe ndipo aezeke.

Kumgeuza mgonjwa, wasaidie watu wawili au watatu, mabega na nyonga vikigeuka pamoja kama gogo, bila kuupinda mgongo. Siku ya kusimama itasemwa na daktari. Kwa upasuaji wa diski mara nyingi ni siku hiyohiyo au kesho yake, jambo linalowashangaza ndugu wengi. Mara ya kwanza asisimame bila mwuguzi, maana miguu inaweza kulegea.

Kukanda kwa maji ya moto ni desturi yetu, na tunajua inafanywa kwa upendo. Mgongo uliopasuliwa usikandwe hata kidogo. Ngozi yenye ganzi haihisi moto. Tumeona malengelenge ya kuungua kwa chupa ya maji iliyowekwa na mtu mwema. Zaidi ya hayo, kitambaa kibichi juu ya mshono hupeleka vijidudu ndani.

Sasa tunaomba msikilize kwa makini. Ganzi ya kweli hupungua kadiri saa zinavyopita. Kama miguu ilikuwa na nguvu jioni na usiku inaanza kuwa mizito, au kama ganzi iliyoanza kuondoka inarudi na kupanda, hiyo si dawa tena. Huenda damu imekusanyika ndani na inabana mishipa ya fahamu. Dalili nyingine za hatari hiyo ni kufa ganzi mapajani kwa ndani, sehemu za siri na mahali pa kukalia. Mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe. Na maumivu ya mgongo yanayozidi kwa nguvu wakati dawa imetolewa. Mwiteni mwuguzi mara moja, hata mara tano, na kama haji mfuateni alipo. Mgonjwa huyo huenda akahitaji kurudishwa chumba cha upasuaji ndani ya saa chache, kabla mishipa haijafa. Mtu asimwambie, "Lala, ni ganzi tu." Kauli hiyo imewahi kumgharimu mtu miguu yake.

Mkirudi nyumbani

Kwenye gari mgonjwa akae kiti cha mbele kilicholazwa kidogo, na mshuke kunyoosha miguu njiani kama safari ni ndefu. Parasetamoli kwa mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Na mwangalie kama vidonge vya mafua mnavyonunua dukani navyo havina parasetamoli ndani yake. Mwembamba sana au mwenye ugonjwa wa ini apunguziwe na daktari. Diklofenaki msiongeze wenyewe. Inauzwa kama karanga, lakini kwa mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu, au figo dhaifu, hasa mzee, inaweza kuleta madhara makubwa kuliko kiuno chenyewe. Kama daktari amempa mofini kwa siku chache, ammezeshe mtu mmoja tu wa nyumbani na dawa ifungiwe mbali na watoto. Hofu kwamba atageuka mlevi wa dawa kwa siku hizo chache za kidonda isiwafanye mumnyime, ila isizidishwe na isiendelezwe bila daktari.

Mrudisheni hospitali kama ana homa, usaha, au maji meupe kama ya kunywa yanayotiririka kwenye kidonda; kama pumzi inambana, au mguu mmoja umevimba na kuuma kwenye ndama. Nyuzi hutolewa kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14, na zahanati iliyo karibu yaweza kuzitoa ikiwa mtachukua barua ya hospitali. Jembe na ndoo vingoje majuma yale aliyotaja mpasuaji, ambayo mara nyingi hayapungui 6. Katika barua hiyo ombeni liandikwe pia jina la ganzi aliyopewa na kama ilimkubali, kwa sababu siku atakapohitaji upasuaji mwingine, hilo ndilo swali la kwanza atakaloulizwa.